Zeze la Uswidi kwenye Harusi ya Sadia

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Kahaso ameondoka. Amemchukua binti yetu Lorna, wamekwenda kwa mama mkwe, Kilelengwani. Kisa ni nyuki. Nilisema watakaa sandukuni chini ya kitanda. Hawakukaa. Ameacha neno kwa jirani yetu Ubah kwamba atarudi siku nitakayofanya kazi moja ya mtu mwenye akili.

Nyumba kimya. Nikafungua simu, nikatafuta muziki wa roki wa kunichangamsha. Nikaletewa Waswidi! Kundi zima limekaa vitini, suti nyeusi, nyuso za msibani. Mbele yao mwanamke amebana zeze kubwa kwa magoti, kama anayemnyoa mtoto mkaidi. Nikajua sasa nitalala. Lo! Akalisaga lile zeze kwa upinde, likanguruma kama lori lililokwama matopeni. Nywele zake huku na huku, utadhani kavamiwa na siafu. Na lile kundi linamjibu! Maelezo yalisema zeze hilo huitwa chelo, utungo wenyewe ni koncheto mpya, chelo moja ikishindana na kundi zima, na mtunzi kakulia kwenye roki.

Machozi yakanitoka. Mimi Mwaringa, mkodishaji wa spika moja iliyopasuka, nimeonyeshwa njia.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Abdullahi, mfugaji mkubwa. Anamwoza binti yake Sadia Jumamosi. Harusi zote za Garsen huchukuliwa na Nuh na kinanda chake. Nuh hubonyeza kitufe kimoja, kinanda kinajipiga chenyewe, yeye anakunywa soda. Huo ni ufundi?

Nikamwambia mzee kwamba Nuh amewapigia hadi watu wenye mbuzi tupu. Ikamchoma. Nikamwahidi muziki wa Waswidi. Akauliza kama hao Waswidi wana ng'ombe. Nikamjibu wanao, tena wanene. Akafikiri, akasema basi muziki wao hauwezi kuwa mbaya.

Kazi nimepata! Kahaso atasikia tu.

Jumatano, 6 Agosti

Dosari ndogo: sina chelo.

Nimeunda. Tumbo: pipa la maji. Shingo: ubao wa kitanda chetu. Nilihitaji ubao mmoja, lakini kitanda kilikuwa kinashikana kwa huo huo. Nyuzi: waya za breki za bodaboda. Upinde hutaka nywele za mkia wa farasi. Garsen haina farasi. Nikakumbuka kwamba punda ni ndugu yake.

Punda wa Darmi, yule muuza maji, hakubaliani na undugu huo. Nywele ninazo. Nachechemea.

Darmi alikuja jioni kuuliza nani kamchokoza punda wake. Nikamwambia Uswidi punda wote hunyolewa mkia. Akauliza mimi nimejuaje kwamba kanyolewa. Nikaingia ndani.

Alhamisi, 7 Agosti

Upinde unateleza tu. Hautoi sauti. Video nyingine ikasema nywele zipakwe utomvu mkavu wa mti. Nikanunua ubani dukani kwa Ikran, nikaupasha moto kidogo, nikapaka.

Mungu wangu! Ile sauti! Nzito, ya huzuni, ikapita ukutani mpaka sokoni.

Kabla sijamaliza mstari wa pili, Ubah kaingia na chupa ya chai, macho mekundu. Nyuma yake watu wengine na mikeka yao. Wamesikia kilio, wamenusa ubani. Wakaniuliza nani kafa. Nikawaambia hakuna aliyekufa, huu ni muziki. Wakatazamana. Ubah akaniambia kwa upole kwamba kufiwa huvuruga akili, nisijilazimishe kusema.

Nikatazama ua. Watu tele, wamekaa kwa mistari, nyuso za msibani. Okestra yangu!

Nikawagawia madebe na sufuria. Walipiga vizuri ajabu, wakiamini wananifariji. Duba, mchimba visima, ana mkono wa roki hasa. Nuh naye alikuja. Alisimama mlangoni akinirekodi kwa simu, mabega yakimtetemeka. Wivu.

Jumamosi, 9 Agosti

Lazima niandike.

Hema zuri, pilau, wageni mpaka kutoka Hola. Nikakaa katikati, pipa magotini, okestra nyuma. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa kama yule Mswidi, nikavuta upinde.

Kishindo kikatokea nyuma ya hema. Kisha vumbi.

Nilidhani ni makofi. Nikaongeza nguvu. Nilipofumbua macho, nikakutana na pua ya ng'ombe.

Ng'ombe wa Mzee Abdullahi walikuwa wamevunja zizi! Wote! Walidhani sauti ya pipa langu ni ndama anayekufa. Wakaja kumwokoa. Okestra ikatoroka, Duba akapanda mti na debe lake. Ng'ombe mmoja akanilamba shingo, mwingine akala maua ya bwana harusi. Hema likaanguka. Fahali akalinusa pipa, akanitazama, akalipiga pembe. Koncheto ikaisha.

Sadia alicheka mpaka wanja ukamshuka mashavuni. Baba yake hakucheka.

"Mwaringa," akasema, "ng'ombe hawa nimewalea mimi. Hawajawahi kunikimbilia hivyo."

Wazee wakakaa kikao papo hapo, wakanihukumu. Nitamchungia mifugo yake mpaka mvua za vuli. Nikasema mimi ni mwanamuziki, sijui kuchunga. Mzee akajibu kwamba wenyewe wameshanichagua.

Jumatatu, 11 Agosti

Dhuluma! Nuh ameitia ile sauti aliyonirekodi kwenye kinanda chake. Anabonyeza kitufe, ng'ombe waliopotea wanarudi wenyewe. Wafugaji wameshamwita hadi mji wa Madogo. Wanamwita Profesa.

Jumatano, 13 Agosti

Kahaso alirudi jana, yeye na Lorna! Kilelengwani kumefika habari kwamba nimeandikwa kazi kwa mtu mkubwa. Alifika na kuku na tabasamu, akanipa pole ya jua, akanisifu mbele ya Ubah. Akaingia chumbani. Akatoka.

"Baba Lorna, kitanda kiko wapi?"

Nikamwambia kilikwenda harusini.

Ubah akamsimulia yaliyobaki, tena kwa vitendo. Kahaso akamweka kuku chini. Kisha akasema anachotaka ni kimoja tu: niape kwamba sitashika tena ala ya muziki, ya Uswidi wala ya hapa, na nitaishika hii kazi. Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hilo ndilo lililonitisha. Nikaapa. Nikaapa kwa moyo wote. Tumelala mkekani sote watatu. Sijalala vizuri hivyo tangu kabla ya enzi za nyuki.

Jumapili, 17 Agosti

Kiapo nimekishika. Sijagusa upinde, debe wala sufuria.

Ila uwandani kuna utulivu, mtu husikia mambo. Ng'ombe hawalii sauti moja! Mitamba wana sauti nyembamba, ng'ombe wakubwa ya katikati, maksai nzito. Na ng'ombe si ala. Ng'ombe ni kazi.

Mchana Kahaso aliniletea chakula, akasimama, akauliza mbona wamepangwa mistari mitatu kwa nusu duara, na fahali peke yake mbele.

Nikamwambia wanapenda upepo.