Marehemu Mwalimu Khemais wa Bizerte

Jumatatu, 7 Aprili

Sura ya nne imetoka! Nimeipandisha kwenye jukwaa la hadithi la mtandaoni baada ya kufunga duka langu la miwani. Tamthilia ya runinga ya Ramadhani, Nyumba ya Kofia Nyekundu, iliishia pale mshona kofia alipokata roho. Mkewe, Bi Mannoubia, wakamwacha mlangoni analia. Muziki. Basi. Tunisia nzima ililalamika. Mimi sikulalamika. Nimeamua kuiendeleza mwenyewe, mtandaoni, bure.

Hii ni sura ya mazishi. Nimeiandika nikilia. Juu yake nimeweka ile kauli tunayoiweka waandishi wote: Semeni ukweli, msinionee haya. Ni adabu tu. Hakuna mwenye akili timamu anayeifuata.

Jumanne, 8 Aprili

Yupo aliyeifuata.

Jukwaani mama huyu anajiita Jirani wa Mahdia. Ndiye msomaji wangu wa tangu sura ya kwanza, na kusema kweli ndiye pekee anayeandika maoni. Leo kasema sura imemgusa, ila nimemfanya mjane akaange samaki siku ya mazishi ya mumewe ili alishe wageni. Akauliza kama mwandishi hajawahi kufiwa. Nyumba ya msiba haiwashi moto siku tatu, kasema, majirani ndio wanaoleta kuskusi. Samaki gani tena!

Masikio yameniwaka moto. Eti sijafiwa! Baba alifariki mwaka juzi, na nakumbuka vizuri tulivyokula. Nimekwenda jikoni kumwuliza dada Dalenda: siku zile si yeye aliyepika? Kaweka kisu chini, kanitazama.

"Wewe Mongi, hata kijiko sikushika. Masinia yote yalitoka kwa majirani. Wiki nzima nilikuwa narudisha vyombo vya watu. Wewe ulikuwa unakula tu."

Hiyo siyo hoja. Hoja ni adabu. Na sheria ya jukwaa inasema mwandishi hajibizani na msomaji: anashukuru, anapita. Nimeandika, Asante sana jirani yangu. Meno yameuma kwa kukazwa.

Jumatano, 9 Aprili

Mwandishi hajibizani na msomaji, sawa. Je, msomaji na msomaji mwenzake? Hapo sheria imenyamaza!

Nimefungua akaunti ya pili. Mwalimu Khemais, mstaafu, mkazi wa Bizerte. Picha nimeweka kiti kitupu kwenye roshani, kina heshima. Mwalimu kasema samaki yule ni ujasiri wa mjane. Kasema wasomaji wa siku hizi wanasoma kwa tumbo. Kamalizia kwamba mama wa Mahdia arudi kwenye masufuria yake, fasihi awaachie wenyewe.

Nimeisoma mara kadhaa. Mzee anajua kusema!

Alhamisi, 10 Aprili

Mwalimu kapendwa. Binti mmoja wa Gafsa kamwomba asome hadithi yake, akamwita baba. Mimi sijawahi kuitwa hata kaka.

Jirani wa Mahdia kafuta maoni yake yote. Hata zile sifa za sura ya kwanza, ambazo nilikuwa nazisoma kila asubuhi kabla ya chai. Ushindi! Nimekaa dukani kutwa nautazama. Ukurasa wangu mweupe pee. Hakuna aliyeandika chochote, hata wa kunitukana.

Ijumaa, 11 Aprili

Jirani wa Mahdia kaandika. Si kwangu. Kamwandikia Khemais, faraghani.

Kasema jina lake Wassila, na kamwomba mzee radhi. Kasema tamthilia ile alikuwa akiitazama na mumewe baada ya futari, yeye akiwasema waigizaji, mume akimwambia nyamaza mama Selma, tusikie. Mume alifariki kabla haijaisha. Sehemu za mwisho kazitazama peke yake, na hakuna wa kumwambia anyamaze. Siku za msiba hakujua hata kiatu chake kilipo. Kilichomshika asianguke ni hodi za majirani mlangoni. Mwisho kaandika hivi: "Mwalimu, nilitaka na yule mama abishiwe hodi. Ni hilo tu."

Nilisimama. Nikakaa. Mteja kaniuliza bei ya fremu, nikamwambia pole.

Nimeona aibu. Naiandika hapa kwa kuwa hapa hakuna maoni. Nilitaka nimwandikie mara moja kwamba Khemais ni mimi. Kisha nikajiuliza: hadithi ni yangu, kwa nini siri kampa mwingine?

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeandika upya. Jikoni kwa Bi Mannoubia hakuna moto. Hodi ya kwanza anashindwa kuinuka. Hodi ya pili anauliza nani. Ya tatu anafungua, jirani anaingia na sinia. Dalenda kasoma akafuta macho kwa kitambaa cha jikoni. Kasema sasa umeandika.

Na Bi Wassila karudi! Kaandika hadharani, ndefu, watu wote waone. Nimepiga ukelele dukani, mteja akadhani nimeshangilia miwani yake, akainunua. Kasema kalia, kisha kacheka, kisha kalala vizuri. Nikasoma mpaka chini. Chini kasema bila shaka mwandishi kashikwa mkono na Mwalimu Khemais, Mungu ampe umri mrefu yule mzee.

Kufumba na kufumbua wote wanamshukuru Khemais! Binti wa Gafsa kamtumia maua. Mwandishi? Nani anamjua mwandishi!

Umri mrefu hapati.

Jumapili, 13 Aprili

Nimemwua. Usingizini, kwa heshima zote. Nimetangaza mwenyewe, kama mwandishi, kwamba familia yake imeniarifu, na kwamba maneno yake ya mwisho yalikuwa kuiulizia sura yangu ya tano.

Pole zimemiminika kuliko maoni yote niliyowahi kupata maishani. Nimezijibu moja moja. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe.

Jioni Bi Wassila kauliza nyumba iko mtaa gani Bizerte. Nyumba ya msiba haiwashi moto, kasema, na kesho alfajiri ataondoka na sinia. Loo! Kutoka Mahdia mpaka Bizerte, kiunoni mpaka kichwani mwa nchi, apeleke kuskusi kwenye kiti kitupu! Nikajibu haraka kwamba asisumbuke, mimi ni mpwa wa marehemu, msiba upo kwetu, hapa karibu, Sousse. Vidole vikaandika na anwani. Vidole hivi!

Jumatatu, 14 Aprili

Kaja kwa treni ya asubuhi. Mama mfupi, ndani ya koti la kiume linalompwaya, sufuria kalifunga kwa taulo, bado lina moto. Dalenda kafungua mlango, hajui hili wala lile. Bi Wassila kamkumbatia akamwambia, "Mungu awape subira, binti yangu. Leo msiguse moto."

Dalenda kanitazama juu ya bega la mama yule. Na nyumba nzima inanukia samaki wa kukaanga.

Bi Wassila kanusa. Kaenda jikoni taratibu, kazima gesi. Kasimama hapo kidogo, anatazama kikaango. Karudi, katukalisha, katupakulia. Hakuniuliza lolote. Kaniambia tu, "Kula, mwanangu. Wa kwako kweli akifa, hutaweza." Nikala. Sikuweza kumtazama usoni. Alipoondoka kasahau taulo, au kaliacha.

Nilimweleza Dalenda yote; hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Kasema nitalirudisha sufuria Mahdia kwa mkono wangu, lisiwe tupu, na nitamwambia yule mama ukweli mbele ya uso wake. Nisipofanya hivyo, nitafute wa kunipikia. Nimeapa. Nililia kweli.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeosha sufuria. Nimelikausha kwa taulo lake. Nimenunua tende za kulijaza. Mahdia nitakwenda Ijumaa, bila shaka, au wiki ijayo.

Bi Wassila ni mwanamke mwema, nasema tena, mwema sana. Ila ukweli ni ukweli: kuskusi yake ilipungukiwa chumvi. Na maboga yaliiva mpaka yakavurugika. Mtu anayewapenda wenzake kiasi kile kwa kuwaambia kasoro zao, bila shaka naye angependa kuambiwa yake. Mimi siwezi kumwambia. Nimekula chakula chake, na adabu ni adabu.

Nimefungua akaunti mpya. Mjane wa Mwalimu Khemais. Anashukuru kwa moyo wote, na ana neno moja tu kuhusu chumvi.