Alama Ishirini za Kikohozi

Jumatatu, saa nne kamili asubuhi, Mkurugenzi wa Udhibiti wa Dawa za Rejareja alitangaza kwamba tatizo la vijana kulewa dawa ya kikohozi limekwisha. Kilichobaki, alisema, ni utekelezaji tu. Wasaidizi wake walipiga makofi, naye akawashukuru kwa kupiga bila kulazimishwa.

Waraka ulimfikia Mama Vidonge ukiwa na mihuri minne. Duka lake la dawa lilikuwa limebanwa kati ya saluni na karakana ya kuchomelea mageti, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa akilijua tatizo hilo kwa sura: vijana waliochanganya dawa na soda, kisha wakalala kando ya mtaro kama magunia. Hao aliwatimua. "Nenda nyumbani ukanywe maji, mwanangu. Hapa hupati kitu."

Sasa serikali ilimtua mzigo huo. Ibara ya sita ilimkataza muuzaji kutumia busara, kwa kuwa busara haina fomu. Badala yake, kila mnunuzi angekohoa mara tatu mbele ya Mhakiki wa Kikohozi na kupewa alama kati ya thelathini. Aliyefikisha ishirini angeuziwa.

Mhakiki alifika Jumanne na benchi, saa ya kuhesabia sekunde, na uso wa mtu aliyesomea kazi yake. Alikuwa amehudhuria semina ya siku mbili.

Wa kwanza kupimwa alikuwa bibi mshona nguo wa mtaa ule, ambaye kikohozi kilikuwa kimemganda wiki ya tatu. Akiwa kwenye cherehani alikohoa mpaka mshono ukaenda upande. Alipoambiwa "Anza," kikohozi kikaingia mitini.

"Kohoa, bibi."

"Mjukuu wangu, hiki si mtumishi wangu. Huja kikipenda."

"Alama sita. Kina hakuna, ukavu hafifu. Una siku kumi na nne za kukata rufaa. Uje na kikohozi chenyewe."

Wa pili alikuwa kijana wa mtaroni, jina lake la utani Sinema. Alikohoa akashika ukuta, akapiga magoti, akamwita marehemu baba yake. Mhakiki alifuta machozi kabla ya kuandika ishirini na tisa.

"Kaka, huyo haumwi," Mama Vidonge alinong'ona. "Ni mlevi, namjua."

"Dada yangu, kujuana ndiko kulikotufikisha hapa. Mpe chupa."

Akampa kwa hasira. Angekataa, leseni ingekwenda na maji.

Kufikia Ijumaa Sinema alikuwa akiwafundisha wenzake kukohoa nyuma ya saluni, na chupa zilizouzwa zilikuwa mara nne ya zamani. Makao makuu yalifurahi: wagonjwa waliojificha walikuwa wamefikiwa. Bibi alikuwa amepimwa mara tatu, akafeli mara tatu, na sauti yake ilibaki kama karatasi inayochanwa. Kila alipoondoka mikono mitupu, Mama Vidonge alijifanya anapanga rafu.

Wiki iliyofuata Mkurugenzi alikuja mwenyewe kulipongeza duka, na kamera tatu nyuma yake.

"Ndugu wananchi," alianza, "udhibiti ni..."

Upepo ukageuka. Moshi wa karakana ulimwingia kooni, akakohoa hadi akakunjika, kidole kikionyesha rafu. Mama Vidonge alinyoosha mkono. Mhakiki akamzuia.

"Samahani, mheshimiwa. Mara tatu, tafadhali. Anza."

Mkurugenzi alizitazama kamera. Kikohozi kikatoweka. Alijikamua, kikatoka kitu kama mlio wa droo.

"Alama nne," Mhakiki alisema, na kipaza sauti kilikuwa bado kimewashwa.

Mtaa uliangua kicheko. Hapo hapo kikohozi kikarudi kwa nguvu mpya.

"Nipe dawa! Hunijui mimi ni nani?"

"Nakujua, mheshimiwa. Tatizo ndilo hilo," Mhakiki alijibu.

"Kohoa kutoka tumboni, mwanangu," bibi, aliyekuja tena kupimwa, alimshauri kwa huruma. "Mimi cha kifuani ndicho kilichoniangusha."

Mkurugenzi alimpokonya Mhakiki kalamu, akaandika nyuma ya fomu: *Muuzaji ampe dawa yeyote anayemwona anaumwa.* Akatia sahihi. Mama Vidonge alisoma mara mbili, akaomba na muhuri, ukapigwa.

Kisha akatoa chupa moja, akamkabidhi bibi, akamweleza taratibu ni vijiko vingapi na baada ya saa ngapi. Kwa Mkurugenzi alipeleka glasi ya maji ya uvuguvugu.

"Wewe huumwi, baba. Umevuta moshi tu. Sogea huku ndani."

Alikunywa akiwa ameketi kwenye benchi la Mhakiki, na kikohozi kikakoma. Mhakiki akaandika kwamba mgonjwa amepona kabla ya kufikisha alama za kuumwa, hali isiyotambuliwa na waraka. Kwa heshima zote alimwomba Mkurugenzi asinyanyuke kwenye benchi mpaka ufafanuzi utoke makao makuu, ambako anayetoa ufafanuzi ni Mkurugenzi peke yake, akiwa ofisini.