Jiwe la Bi Mgeni na Mtaro wa Wanachuo

Ndugu Katibu Kata uliyetuma udhuru, Ndugu Mwakilishi wa Katibu Kata, nawe uliyetuma udhuru, Ndugu Mzee Kitwana, balozi wa nyumba kumi, ndugu wajumbe wa Kamati ya Kuratibu Ziara za Kujitolea za Wanachuo, ambayo mimi ni Kaimu Mwenyekiti, Kaimu Katibu na, tangu Ijumaa iliyopita, Mtunza Muhuri, ndugu wanachuo, ndugu wachukuzi mlioacha mikokoteni yenu Kariakoo, na ndugu wananchi wote wa Gerezani, kila mmoja kwa nafasi yake na heshima yake:

Kabla sijaufungua mkutano huu, nina wajibu mzito wa kuutangazia umma kwamba jiwe la Bi Mgeni, lililotoweka kwenye foleni siku ya Alhamisi majira ya saa nne, limepatikana. Liko salama, chini ya mguu wa meza ya mgeni rasmi, meza ambayo bila jiwe hilo ingeyumba. Na mgeni rasmi ni mimi. (Makofi. Bi Mgeni, mpika vitumbua, ambaye mlango wake uko mteremkoni, hatua mbili kutoka mezani, hapigi.)

Ndugu wananchi, tumekutana kupokea taarifa ya ziara ya siku tano ya wanachuo arobaini, walioshuka kutoka chuo kikuu kuja kuchimba mtaro wa maji ya mvua, kuanzia mlango wa Bi Mgeni hadi relini, kwa shabaha iliyopitishwa kwenye kikao cha planingi kwamba mwanachuo aujenge mtaro na mtaro umjenge mwanachuo, yaani kitabia, kifikra, kiafya na kimsimamo. Sote tunafahamu kwamba kila masika maji huteremka mtaa huu yakaishia chumbani kwa Bi Mgeni.

(Bi Mgeni: "Mwaka jana yalifika kitandani. Unga wote ulikwenda.")

Tumekusikia, mama, na imeandikwa. Sasa, Jumatatu saa moja kamili wanachuo walijipanga mbele ya stoo ile pale kusubiri majembe, na kwa kuwa ni wasomi walijipanga kwa mstari ulionyooka. Na mstari ulionyooka, katika mji huu na katika kipindi hiki cha upungufu wa muda wa bidhaa muhimu, ni jambo ambalo mwananchi mwenye mwamko hawezi kulipita. Hadi saa tano wananchi themanini walikuwa wamejiunga nyuma. Ndugu Mrisho, mchukuzi, yupo hapa. Hebu simama, ueleze ulivyohamasika.

(Mrisho: "Mimi nilikuta watu wamepanga. Nikamuuliza aliye mbele yangu, bwana mkubwa, wanatoa nini? Akaniambia, usiulize, ukiuliza watafunga." Kicheko.)

Huo ndio mwamko. Kufikia Jumatano walikuwa wananchi mia nne na kumi na wawili, wote tukawaandikisha kama wachimbaji wa kujitolea, ambao ukiwalinganisha na lengo letu la wachimbaji arobaini unapata utekelezaji wa asilimia elfu moja na thelathini, kiwango ambacho sijapata kukisoma katika ripoti yoyote, zikiwemo zile ninazoziandika mwenyewe. (Makofi.)

Na wanachuo, je, wamekua? Wamekua. Mwanachuo aliyezoea kukaa saa moja ya mhadhara, leo anasimama saa tisa bila kujua anasubiri nini. Walikuja hawajui kwamba mtu anaweza kuacha jiwe limshikie nafasi akaenda kupika. Leo wote wanajua, na mmoja wao, anayesomea sheria, aliamua shauri la mawe mawili yaliyofanana na pande zote zikaridhika. Tathmini inaonyesha wamekua kifikra kwa asilimia sitini na nne, na kiafya asilimia thelathini na mbili, hasa miguuni.

Hata hivyo, sitaficha dosari. Jumatano hiyohiyo mwanachuo mmoja, Candida, wa mwaka wa pili, alitoka kwenye mstari bila ruhusa, akaazima jembe kwa Bi Mgeni, akaanza kuchimba. Nilipofika alikuwa ameshachimba hatua kumi na moja. Nikamuuliza, binti, kibali chako kiko wapi? Akanijibu, shikamoo mzee, masika ni wiki ijayo. Nikaitikia marahaba, kwa kuwa hiyo haihitaji kibali, kisha nikaagiza shimo lifukiwe, maana halimo kwenye faili. Na hapa naipongeza stoo, kwani majembe arobaini ya kufukia yalipatikana ndani ya nusu saa.

Udongo huo ndio huu tuliousimamishia meza. Bado haujashikana, ndiyo sababu ya jiwe.

(Bi Mgeni: "Baba, huyu mtoto amechimba kile mlichosema mnakuja kuchimba. Kwa nini kisiwemo kwenye faili?")

Swali zuri, mama, nalo litajibiwa kwenye shukrani. Kwa sasa nitangaze kwamba katika fomu za chuo, mahali palipoandikwa "Ukuaji wa Nafsi", wanachuo thelathini na tisa nimewaandikia "Bora Sana", na Candida nimemwandikia "Hajakua", na muhuri nimeshapiga. (Candida anaangalia viganja vyake.)

Wanachuo oyee. (Oyee.) Foleni oyee. (Oyee, kwa nguvu.) Mtaro oyee. (Mrisho peke yake: "Oyee.")

Namalizia kwa shukrani. Naushukuru uongozi uliotangulia wa kamati hii, ambao pia ulikuwa mimi, kwa kuona mbali na kuuandika mtaro huu kwenye faili kuwa ulikamilika Desemba ya mwaka juzi, ukafunguliwa, na soda zikanywewa. Kwa maana mtaro uliokamilika hauchimbwi mara ya pili, na kwa sababu hiyo stoo isingeweza kutoa jembe la kuuchimba, Jumatatu wala siku nyingine yoyote. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Kuna mwenye neno?

(Bi Mgeni: "Mimi naomba jiwe langu tu. Nikaliweke kizingitini.")

Jiwe ni mali ya mwananchi. Chukua, mama.

(Bi Mgeni anainama, anachomoa jiwe lake. Meza inalala upande. Jagi la mgeni rasmi linaanguka, na maji yanateremka hadi ndani kwa Bi Mgeni.)