Kupe wa Kwapani

Jumatatu, 4 Machi
Balaa. Kupe kwapani, kushoto, kanona kama punje ya hindi. Mimi, mtu wa josho, ninayeogesha ng'ombe wa watu dawa ya kupe! Desturi yetu ni kukaguana miili kabla ya kuondoka. Lakini anayenikagua ni mwenzangu Kidevu, naye anautaka usimamizi wa josho kama mimi. Bwana mifugo anateua Jumatatu ijayo. Nikasema nina haraka. Nyumbani nikampaka kupe mafuta ya taa. Wala hakushtuka. Nikamvuta kwa kucha. Kiwiliwili kikaja, kichwa kikabaki.

Jumanne, 5 Machi
Mke wangu kaona. Kauliza kwa nini sikutumia kibano kumshika kupe karibu na ngozi, kumvuta taratibu, kisha kuosha kwa sabuni. Nikamjibu hayo ni maneno ya mabango. Akasema ndiyo, bango la joshoni, nililolibandika mimi. Akaongeza, nikipata homa tu, niende zahanati. Zahanati ambako dada yake Kidevu ndiye nesi? Thubutu.

Jumapili, 10 Machi
Homa. Kichwa kinapasuka. Kwapani pana kidonda cheusi. Mke wangu analia jikoni, anadhani simsikii. Naogopa kufa, kusema kweli. Lakini uteuzi ni kesho. Nitavaa koti. Nikitetemeka, nitasingizia baridi.

Jumatatu, 11 Machi
Jua la kuchoma, mimi na koti. Bwana mifugo kaniuliza kama naumwa. Nikasema mzima kabisa, nikanyoosha mkono nimsalimie, nikatumbukia joshoni katikati ya ng'ombe. Kidevu akajitosa. Akanitoa, akanivua, akanimwagia maji safi ndoo kwa ndoo, akakiona kidonda. Akanibeba mgongoni kwenda zahanati. Usimamizi kapewa papo hapo, mimi nikiwa mgongoni.

Alhamisi, 14 Machi
Homa imeshuka. Nesi kasema nimechelewa mno, nimshukuru Mungu niko hai, na nimeze vidonge mpaka viishe. Kidevu kaja kunipa pole. Kasema nikirudi kazini atanikagua mwenyewe kila jioni, maana mke wangu kamwomba. Nimekosa hata pa kuficha uso.
Basi nimeacha kumeza. Vidonge vilivyobaki nimevitia ndani ya kiatu cha zamani. Kupe mwingine akija, nitajitibu kimyakimya. Kidevu hatanikagua ng'o.