Malalamiko ya Bwana Utepe Kuhusu Gari Jeupe

Ndugu Meneja wa Yadi ya Magari,

Baada ya salamu na heshima zote, mimi ni yule fundi cherehani ambaye wafanyakazi wako humwita Bwana Utepe. Kwa miaka minne nimefika yadini kila Jumamosi kuamua kama nikodi gari au ninunue. Jumamosi iliyopita muuzaji wako alinishusha kutoka kwenye gari jeupe, eti limepata mteja. Niliondoka bila kugeuka nyuma. Nalalamika hivi:

1. Viti vya gari hilo nimevipima mara tatu, na vitambaa vyake nimeshavishona. Aliyelishonea gari nguo si mpita njia.

2. Muuzaji anasema nikodi. Nyumba nimepanga, kibanda cha kazi nimepanga. Nikipanga na gari, kilicho changu kitabaki kikohozi. Ninunue? Nikitamka “gari langu”, mashemeji watasikia “gari letu”. La kukodi angalau nitawanyima kwa adabu, kwamba lina mwenyewe.

3. Fomu yenu ina visanduku viwili tu, Kukodi na Kununua. Nilichora cha tatu, “Bado natafakari”, nikakitia alama ya vema. Muuzaji akaichana. Haraka haraka haina baraka, hata kwa wauza magari.

4. Mke wangu ni muuguzi. Anakwenda zahanati kwa miguu, na goti limevimba. Gari nilimwahidi siku goti lilipoanza kumuuma, na naona aibu. Hili si kosa lenu, ila lalamiko hili nyumbani sina pa kulipeleka.

Kwa hiyo naomba mniazime gari jeupe mwaka mmoja, nijaribu kama napenda kukodi. Nikipenda, nitakodi mwaka wa pili, nijaribu kama napenda kununua. Naomba pia nafasi ya cherehani karibu na dirisha la ofisi yenu.

Nisalimie muuzaji, sina kinyongo naye. Mlinzi wa getini. Na mama wa usafi, aliyeacha kuniuliza kama nimeamua.

Wako ninayetafakari,
Fundi

N.B. Barua nilikuwa nimeshaifunga, nimeifungua niongeze haya. Naituma hivyo hivyo, maana kuamua nisiitume kungechukua muda. Yule mteja alikuwa mke wangu. Leo asubuhi amesimamisha gari jeupe mbele ya kibanda changu, viti vimevaa vitambaa vyangu, vimekaa barabara. Nikamuuliza amekodi au amenunua. Akasema, “Panda, baba, nachelewa kazini.”

Nikapanda. Sijamuuliza tena.