Ombi la Kuifunga Dini ya Nobaiya

Susana Adoyo (Mama Wesley),
Nyuma ya kanisa, Magunga.

Kwa Chifu Zablon,
Ofisini kwako.

Jaduong' Chifu,

YAH: MWANANGU AMECHUKULIWA NA NOBAIYA

Pokea heshima zangu kwa mikono miwili. Mimi ndiye niliyemzaa Wesley, yule mpima ardhi wa Homa Bay, ambaye wewe mwenyewe ulimsimamisha barazani apigiwe makofi. Shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo herufi zikipinda nisamehe. Uchungu haujapinda.

Tangu Januari mwanangu ameingia dini mpya. Nilimpigia simu kumwomba gauni, akanijibu bila aibu: "Mama, mwaka huu niko kwa Nobaiya." Watu wa dini hiyo wameapa mwaka mzima wasinunue kitu isipokuwa chakula, dawa na nauli. Jaduong', hapa kwetu nimeona madhehebu ya ngoma, ya kanzu na ya kuvua viatu. Sijaona linalokataza gauni la mama.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Haendi kwa kinyozi. Anajinyoa mwenyewe akijitazama kwenye kioo cha pikipiki ya jirani. Upande mmoja wa kichwa umefika, wa pili bado uko njiani. Na huyu ndiye mtu wa kunyoosha mipaka ya wengine!

2. Pasaka alikuja nyumbani. Unajua kwetu mtoto mwenye kazi akishuka steji hatazamwi uso, anatazamwa mkono. Mkononi alibeba kopo la rangi, na ndani yake miche ya sukuma aliyoiotesha mwenyewe. Jirani yangu Damaris, ambaye mtoto wake anauza laini za simu tu huko Mbita, aliita kutoka uani kwake: "Mama Wesley! Kwani siku hizi wapima ardhi wanapaka nyumba?" Mpaka leo nazunguka njia ya mbali kwenda kuteka maji nisikutane na meno yake.

3. Wanatubu. Niliwasikia kwa masikio yangu Pasaka hiyo hiyo, simu ya Wesley ikiwa kwenye spika. Mwanamke mmoja alikuwa analia, "Ndugu zangu, jana nimeanguka. Viatu. Vyekundu." Wenzake, na sauti ya mwanangu ikiwemo, wakamwambia, "Inuka dada, kesho ni siku mpya." Kama hayo si mambo ya madhabahu, basi mimi sijawahi kuingia kanisani.

4. Amegeuza kola ya shati, upande uliochakaa ukaingia ndani. Chifu, nilimsomesha kwa sare moja miaka minne. Kila Januari nilishusha pindo, kola nikageuza, na mkoba wake nilimshonea kwa gunia la mbolea. Yote hayo nilifanya ili akipata kazi asahau sindano. Sasa anashona kunishinda. Mshono wake ni mzuri, hilo nakubali, lakini si hoja.

5. Mahari. Nilimuuliza juu ya msichana wake, akasema ng'ombe si chakula mpaka wachinjwe, kwa hivyo tungoje mwaka uishe. Msichana gani atamngoja mtu wa nusu kichwa? Asipooa, mimi sina wajukuu. Wajukuu wasipokuwepo, shule itafungwa. Nobaiya ikienea, fundi cherehani atahama, kinyozi atahama, mikeka ninayosuka niuze nitailalia yote mwenyewe, na wewe Jaduong' utabaki chifu wa vichaka na swala.

6. Hili ndilo linaloniuma zaidi. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kukaribisha kikundi chetu cha akina mama. Kila mama mwenye mtoto ofisini amevaa gauni jipya siku yake. Hata Damaris wa laini za simu alivaa la kijani, linalong'aa mpaka kuku walikimbia. Mimi nitasimama mbele yao na lile la maua, ambalo wanalijua kuliko wimbo wa ufunguzi.

Kwa hivyo naomba uende Homa Bay na askari wawili wapole, uifunge Nobaiya, umpeleke mwanangu kwa kinyozi, na mkirudi mpitie dukani.

Msalimie mama wa nyumba yako, watoto, karani wako na yule mbwa wa ofisini anayenijua. Nabaki mimi, raia wako mtiifu na mama wa mpima ardhi,

Susana Adoyo

N.B. Kabla sijaifunga barua, nilimpa Mwalimu Emmaculate anisahihishie. Amecheka mpaka akakaa chini. Anasema hiyo si dini, ni Kiingereza: "no" ni hapana, "bai" ni kununua, "ya" ni mwaka. Tukampigia Wesley. Kumbe wenzake walipomuuliza nani alimfundisha kugeuza kola, aliwasimulia ile sare na lile gunia. Sasa wanataka kuja kumwona mwanzilishi. Mwanzilishi ni mimi! Watakuja Jumamosi hiyo hiyo, watu kumi na wanne, wengine mpaka kutoka Oyugis, niwafundishe kukaa bila kununua. Damaris atawaona wote wakiingia kwangu.

Kwa hivyo Jaduong', usifunge kitu. Waache askari. Mwambie Wesley tu kwamba mwanzilishi hawezi kufundisha watu akiwa na gauni kuukuu. Aninunulie moja, la kung'aa kupita la kijani. Akisema ni dhambi, atatubu kwenye simu. Watamwambia inuka.