Nitukane kwa Maandishi, Compadre

Jumatatu, 4 Agosti

Tangazo limebandikwa mlangoni pa kitivo. Kiti kimoja cha uprofesa, sayansi ya siasa. Mwombaji awe na machapisho, awe na adabu, na awe ametajwa sana na wenzake majaridani. Machapisho ninayo. Adabu hakuna anayeipima. Hilo la tatu ndilo mwiba.

Nimeshinda mchana kutwa nikijitafuta katika majarida. Nimetajwa mara chache, na karibu kila mara aliyenitaja ni mimi.

Nikamtafuta na Daktari Wálter Antezana, hasimu wangu wa miaka kumi na mitano. Yeye ni profesa tayari, ana ofisi ghorofani yenye dirisha na mjakaranda. Katajwa kila kona. Nikafuatilia ni nani huyo anayemtaja hivyo. Ni mimi! Kila mwaka nimechapisha makala ya kumbomoa. Kumbe kamati ya uteuzi haisomi kama ulitajwa kwa sifa au kwa matusi. Inahesabu tu. Nimembeba mgongoni hadi ghorofani, na njia nzima nilidhani nampiga.

Mimi hadi leo nagawana ofisi na mashine ya fotokopi iliyokufa.

Mke wangu Nieves amesema basi na wewe tafuta mtu akutukane. Alikuwa anatania, anamenya viazi. Mimi nikaweka kijiko chini. Huyu mwanamke hajui akili aliyonayo.

Jumanne, 5 Agosti

Mpango wa kwanza: wanafunzi. Nimewaagiza darasani waandike, palepale, insha ya kuiponda makala yangu ya mwaka jana. Itakayoponda vizuri itachapwa kwenye jarida la idara.

Makala yenyewe inasema hivi. Sisi hufunga barabara kudai haki, sawa. Lakini tunaifunga pale tu penye mti wa kivuli na mama anayeuza chakula. Nadharia ya Kivuli na Mlo. Nililizunguka bonde lote la Cochabamba kuithibitisha. Niliongezeka uzito. Tangu itoke hakuna aliyenijibu. Ukikutana nao koridoni wanasema ni ya kuvutia, Daktari, kisha wanauliza hali ya mke wako.

Insha zote ni sifa tupu. Anayesahihisha mitihani ni mimi, nao wanalijua hilo. Mmoja kaandika kwamba kosa langu pekee ni unyenyekevu. Haifai kuchapwa. Nimempa alama za juu, maana ukweli ni ukweli.

Jumatano, 6 Agosti

Sikukuu ya taifa. Kitivo kizima gwarideni. Mpango wa pili: Antezana mwenyewe anitukane. Nimejipenyeza hadi ubavuni kwake, nyuma ya bendera yetu. Yeye kasoma kufungwa kwa barabara miaka ishirini, na anaona pale hasira ya wanyonge na mwamko wa tabaka. Nikamwambia, hatua kwa hatua, kwamba miaka yake ishirini ingeweza kuokolewa na kofia ya ukindu na sahani ya viazi. Tukapita mbele ya jukwaa la wakubwa tukiwa tumekaza nyuso kizalendo.

Baada ya gwaride, saltenya, sambusa ya kuoka iliyojaa mchuzi. Kila mtu wa hapa anajua kuila saltenya bila kumwaga mchuzi. Anayeumwaga hunyamaza akaenda zake. Nilingoja aiinue mdomoni. Nikamwuliza kwa sauti kama tabaka lake lenye mwamko huwa linakunywa na soda.

Mchuzi ukashuka wote kwenye tai.

Akaifuta polepole. "Nitakujibu kwa maandishi, Daktari Terceros."

Ushindi! Nimemnunulia Nieves maua. Kaniuliza nimefanya kosa gani.

Ijumaa, 8 Agosti

Doña Betzabé, katibu wa idara anayepanga kurasa za jarida, ameniita pembeni kwa huruma. Makala ya Antezana imefika. Kurasa thelathini. Inaitwa "Kivuli cha Ujinga: Jibu kwa E. Terceros." Jina langu liko kila ukurasa, mahali pengine mara tatu. Anasema sijawahi kusimama penye kizuizi cha barabara hata kimoja, kwamba utafiti wangu ni tumbo lenye kalamu. Doña Betzabé alikuwa ananipapasa bega. Alidhani nalia.

Jarida linatoka tarehe ishirini, kamati inakaa ishirini na mbili. Nimeikumbatia mashine ya fotokopi.

Jumamosi, 9 Agosti

Pigo. Mwenyekiti wa kamati ni Antezana.

Kwa hiyo: hesabu ya kutajwa nitakuwa nayo, na mwenye kura nzito atakuwa ametoka kuniandikia kurasa thelathini za hasira. Lazima alainishwe. Nimewaza hadi chai ikapoa, kisha nikamwona mjukuu wangu Gael akipita uani na nywele zimemfika mabegani.

Jumamosi ijayo anakatwa nywele za kwanza. Baba wa nywele, anayekata shungi la mwanzo, alikuwa awe shemeji Grover, muuza matairi. Nimesema atakuwa Antezana. Nieves akaniuliza kama ni Antezana yuleyule ninayemwita mzee wa porojo. Nikasema sayansi kando, nywele kando. Akasema Grover kaahidi kondoo na bendi. Akasema pia mshika mbili moja humponyoka. Nieves hakusoma nadharia ya michezo, ile ya kumpigia hesabu mpinzani. Mimi nilijifundisha mwenyewe, sura mbili za mwanzo.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimepanda ghorofani kumwomba. Antezana akavua miwani. Akatazama mjakaranda muda mrefu. Hana mtoto, hana mjukuu, na miaka yote hii hakuna aliyewahi kumwomba awe baba wa chochote, hata wa keki ya mahafali. Akauliza kama aje na mkasi wake.

Nilipokuwa nashuka ngazi nilipenga makamasi. Ni vumbi la Agosti.

Jumamosi, 16 Agosti

Siku nzuri ajabu! Gael alikimbilia bandani kwa kuku, tukamtoa na manyoya. Antezana alikuja na suti mpya na mkasi wa fedha. Akapiga goti mbele ya mtoto kama anamwomba radhi, akakata shungi la kwanza, akaliweka kwenye sahani, akaweka na noti juu yake. Binti yangu Maricruz akalia. Bendi ikapiga. Shemeji Grover alileta kondoo lakini alikaa naye mlangoni mpaka saa tisa, wote wawili wamenuna.

Antezana anacheza kama meza inayohamishwa. Hakuna aliyefurahi zaidi yake. Sasa mimi na yeye ni compadre, ndugu wa nywele, na ananiita hivyo kila sentensi. Wakati wa kuaga, chicha, pombe yetu ya mahindi, ikiwa imetulegeza wote, akaninong'oneza kwamba ana zawadi yangu. Nitaiona Jumatatu.

Kura yake hiyo! Mshika mbili kashika mbili.

Jumatatu, 18 Agosti

Zawadi: ameiondoa makala.

Doña Betzabé kanieleza huku akitabasamu. Antezana alifika asubuhi na mapema akasema mtu hamtukani compadre wake, akachukua kurasa zake zote thelathini, akaondoka anapiga mluzi.

Nimepanda zile ngazi mbilimbili. Nikamwambia compadre, sayansi haina undugu, chapisha. Akasema hapana. Nikamwambia nitukane, nakuomba, nitukane kwa maandishi. Akanishika mikono. "Compadre, mtu mwenye roho kama hii? Mkono hautaandika." Nikaona nimchokoze, nikamwambia anacheza vibaya. Akacheka mpaka machozi, akasema ni kweli. Angekuwa mtani wangu, matusi ningeyapata bure. Compadre hana dawa.

Ameahidi kunishukuru kwenye dibaji ya kitabu chake. Shukrani hazihesabiwi.

Jumatano, 20 Agosti

Jarida limetoka. Doña Betzabé alibaki na pengo la kurasa thelathini na siku mbili za kuliziba. Akafungua kabati. Akakuta makala yangu ya mwaka juzi iliyokuwa ikingoja nafasi, akaona ataniletea furaha, akaipanga yote. "Antezana na Sayansi ya Porojo."

Jina lake liko kila ukurasa.

Niliposikia viatu vyake koridoni nilijibanza nyuma ya mashine ya fotokopi. Akaingia, akaketi juu yake.

"Compadre, nakuona kisigino."

Nikatoka. Akanisomea ukurasa wa kumi na mbili, pale ninaposema hajui kizuizi wala kizibo. Akanikumbusha kwamba siku nne zilizopita nilikuwa namjazia kikombe. Nilifikiria sherehe ile, na mkasi wa fedha, na jinsi nitakavyomwambia Nieves.

Kisha akalifunga jarida. Akasema yeye alikuwa mwoga: aliiondoa makala yake kwa ajili ya nywele. Mimi sikuiondoa yangu. Kitivo kizima, akasema, mimi ndiye pekee ninayeweza kula na mtu Jumamosi na kumchana Jumatano bila kuchanganya meza mbili. Mwanasayansi wa kweli. Akanikumbatia.

Nilikubali, kwa unyenyekevu. Yule mwanafunzi aliliona mapema.

Makala yake anairudisha kwa doña Betzabé leo hii, tena kaongeza kurasa. Itatoka toleo la Desemba.

Ijumaa, 22 Agosti

Kamati imekaa. Uprofesa kapewa Daktari Ninoska Claros, kijana anayeandika juu ya mabaraza ya miji na kutajwa na kila mtu kwa upendo. Sikujua kwamba njia hiyo nayo inafika.

Ila compadre alinisimamia. Aliwaambia mtu kama mimi hafai kuishi na fotokopi. Nimepewa ofisi ya Claros, yenye dirisha! Mjakaranda uleule, upande wa chini. Nilikaa kwenye kiti nikautazama mchana mzima. Saa kumi wapagazi wakagonga. Mashine imenifuata, doña Betzabé hana pengine pa kuiweka. Tumeielekeza dirishani.

Jumapili, 24 Agosti

Nieves kapiga hesabu mezani. Kiti kingine kinatangazwa mwakani. Desemba kurasa za matusi zinatoka. Kwa hiyo, kasema, kazi yako kuanzia leo ni moja, Eleuterio: usifanye kitu. Kaa. Kula. Nimeapa.

Lakini mwenyekiti wa kamati mwakani ni Antezana tena, na mtu akishatoa matusi ya kurasa zaidi ya thelathini huenda damu ikawa bado moto. Alainishwe kidogo tu. Na Maricruz anajifungua Oktoba. Ubatizo ni Novemba.

Nimempitia baada ya misa, nikamwomba awe baba wa ubatizo. Miwani ikavuliwa tena. Akaniambia nywele ni jambo la nyumbani, anaweza kuzifumbia macho. "Ubatizo ni mbele za Mungu, compadre. Huo una uzito mwingine kabisa." Akanishika bega, akasema nisubiri Desemba. Ana zawadi yangu.

Sijui ni zawadi gani. Nadhani ni kalamu.